N ya Nzuri

Jumatatu, 10 Juni

Leo historia imeanza. Yangu.

Mkuu wa Maabara anastaafu mwisho wa mwezi. Miaka thelathini na moja anapima majitaka ya mji mzima, sasa anasema pua yake imechoka. Kiti chake kinabaki wazi. Kiti cha magurudumu! Kinazunguka! Mimi nimekalia stuli ya mbao kwa miaka tisa, mguu wake mmoja mfupi, nimeuwekea kadibodi iliyokunjwa mara nne.

Wagombea ni wawili. Mimi na Bi Nukta. Jina hilo nimempa mimi. Kila namba anayoandika ina nukta, na nyuma ya nukta tarakimu tatu. Ukimuuliza saa ngapi, anakujibu mpaka sekunde. Mwanamke mkimya, koti jeupe lisilo na doa, katika kazi ya tope! Mtu wa namna hiyo lazima ana analolificha.

Mkuu ametuita asubuhi, akatueleza. Tangi jipya kule nyuma limekamilika, ila ni tupu, linataka tope la mbegu, lenye vijidudu wa kuanzia kazi. Tope hilo litatoka tangi la kwanza, analoliangalia Bi Nukta, au la pili, ninaloliangalia mimi. Kila mmoja apime tope lake siku tano tuone vijidudu wa nani wanatoa methani nyingi zaidi. Ile gesi inayowaka. Mwenye matokeo bora na safi ndiye Mkuu atakayempendekeza kwa kamati. Na kamati haijawahi kumkatalia Mkuu kitu, hata siku alipoomba dirisha.

Kisha akaingia kwenye utaratibu. Jaza chupa tope. Tia chakula cha vijidudu. Fukuza hewa yote kwa naitrojeni, maana kwa vijidudu hawa hewa ni sumu. Ziba kwa kizibo cha mpira, tumbukiza kwenye beseni la maji ya joto. Gesi inapita kwenye mpira mwembamba, inaingia kwenye maji ya kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inayasukuma yamwagike ndani ya silinda. Maji mengi, gesi nyingi. Hata mtu aliyelewa anaweza! Akaendelea kusema kila mtu ajaze chupa mbili, ya pili ni ya kulinganisha. Kulinganisha na nini, sikusikia. Nilikuwa najaribu sahihi yangu mpya pembeni mwa daftari. Sahihi ya mkuu inataka mkia mrefu.

Nimejaza chupa moja. Nimeijaza vizuri, sijisifu. Nikaibandika karatasi: T2. Kuhusu ya pili nimemwambia Mkuu imepasuka. Akashusha pumzi ndefu kwa ile pua yake iliyochoka.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba cheo kiko karibu. Akauliza karibu kiasi gani. Nikamwambia karibu sana, ni kama tayari.

Jumanne, 11 Juni

Mama mkwe amepiga simu hata sijapiga mswaki. Anampongeza Mkuu wa Maabara! Mke wangu alimwambia "ni kama tayari". Njiani "kama" imedondoka. Ameshawatangazia kina mama wote wa kikundi chake, na wako thelathini na wawili. Jumamosi anakuja na wawili kati yao wanione nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, karibu sana mama. 

Mama huyu si wa kuchezea. Nilipokwenda kuposa alisema wazi mbele ya wazee kwamba kijana huyu hana neno, ila mikono yake haitulii. Miaka kumi na mbili sasa nasubiri siku ya kumziba mdomo. Siku hiyo ni Jumamosi. Nikikikosa kiti, atanikuta kwenye stuli yenye kadibodi, mbele ya mashahidi wawili. Hapana! Sasa si suala la cheo tena, ni suala la uso wangu.

Nimewahi kazini. Beseni la joto lina chupa tatu. Moja yangu. Mbili za Bi Nukta, na ameziandika herufi moja moja: N, na S.

Nikasimama. Nikatafakari. N. S. Hakuna jina, hakuna namba ya tangi. Mtu anayehesabu mpaka sekunde haandiki herufi ovyo. Mara ikanijia! N ni Nzuri. S ni Si nzuri! Amejaza mbili makusudi, ile mbovu aifiche, ile nzuri amwonyeshe Mkuu. Na mimi siku zote nilikuwa namwona mstaarabu. Watu wakimya!

Alipotoka kwenda kuchota sampuli, nikafanya kazi ya dakika mbili. Nikabana mipira, nikachomoa, nikahamisha chupa, nikabadilisha karatasi. Nzuri yake sasa inaitwa T2. T2 yangu sasa inaitwa N. Tope lote jeusi, chupa zote sawa, nani atajua? Vijidudu wenyewe hawakushtuka.

Bi Nukta amerudi akanisalimu vizuri kabisa. Nimemjibu vizuri zaidi. Nikamwonea huruma kidogo, si sana.

Jumatano, 12 Juni

Vipimo vya kwanza.

S ya Bi Nukta: mililita themanini na nne nukta sijui ngapi. Haya.

T2 yangu, yaani ile Nzuri: mililita tatu. Tatu! Mate yangu ni mengi kuliko hayo!

N ya Bi Nukta, yaani ile takataka niliyomwachia: mia moja na kumi na mbili.

Nimekaa chini. Stuli ikayumba. Nimefikiri asubuhi nzima na jibu ni moja tu: Bi Nukta ni mdanganyifu. Kuna kitu anaiwekea chupa yangu. Yaani chupa yake. Yaani ile niliyompa bila yeye kujua. Inaudhi mtu kukosa uaminifu kiasi hicho.

Nikamwendea kwa upole, nikamuuliza kama ana mbinu yoyote, maana sisi ni ndugu kazini. Akasema mbinu yake ni kutogusa. Ukishaziba, alisema, kazi ni yao, wewe kaa mbali usome silinda. Nikacheka kwa adabu. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba ananificha.

Mchana nimemkuta na mizani. Anapima uzito wa chupa zote tatu, hata yangu! Nikamuuliza ya nini. Akasema ni mazoea tu, alizipima Jumatatu kabla hazijaingia kwenye beseni, anapenda kuzipima tena. Akaandika namba tatu zenye nukta zake, akafunga daftari, akaenda kuzungumza na Mkuu ofisini mlango ukiwa umefungwa. Kujipendekeza! Mimi sina tabia hiyo. Mkuu huwa hanifungulii.

Jumamosi inakuja na mimi nina mililita tatu. Lazima nichukue hatua.

Alhamisi, 13 Juni

Hatua nimechukua. Naandika nikiwa na shati la kuazima.

Mpango ulikuwa hivi. Gesi ni gesi. Kama vijidudu wangu ni wavivu, nitawasaidia. Jikoni kwetu kuna soda ya kuokea na siki. Ukivichanganya vinafoka mpaka vinapanda ukuta, nimeona kwa macho yangu. Nikabeba vyote viwili asubuhi ndani ya soksi. Mke wangu akauliza soda ya kuokea imekwenda wapi, anataka kumwokea mama yake keki ya kumpongeza mkwewe. Nikamwambia aangalie vizuri.

Saa ya chakula cha mchana maabara ikawa tupu. Nikavuta siki kwenye bomba la sindano, nikachoma kizibo, nikasukuma. Kisha soda ya kuokea iliyokorogwa kwa maji.

Ikafoka! Nilifurahi kwa sekunde nne hivi. Halafu tope likapanda. Likaingia kwenye mpira, likatafuta njia, likatokea pale kwenye tundu la sindano, na likanilenga mimi. Shati, tai, sikio la kushoto. Sitaki kueleza harufu. Mlinzi wa getini, mtu aliyekaa hapa miaka minane, alirudi nyuma hatua mbili.

Na silinda? Mililita nne! Imeongezeka moja tu! Chupa imetoka povu nusu saa nzima na silinda haina habari.

Nikaenda kwa Mkuu, nikamuuliza kwa njia ya mbali sana, kama swali la mtu mwingine, kwa nini gesi nyingine haionekani kwenye silinda. Akanitazama sikio. Akasema gesi ya namna hiyo ni kabonidayoksaidi, na kostiki inaimeza yote kabla haijafika, na ndiyo sababu kostiki iko pale, ili tubaki na methani peke yake. Akaongeza kwamba alilieleza hilo Jumatatu.

Jumatatu nilikuwa na shughuli.

N ya Bi Nukta leo: mia mbili na thelathini. S yake: mia moja na sitini na kitu. Hiyo Si nzuri yake inanipita mara arobaini!

Mke wangu ameipata soda ya kuokea. Ndani ya soksi. Ameishika tu soksi kwa vidole viwili na kunitazama.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshinda!!!

Nililala nikiwa nimekata tamaa, nikaamka nikiwa na akili. Kostiki inameza kabonidayoksaidi. Sawa. Je, inameza hewa ya kawaida, hii tunayovuta? Haimezi! Hilo nimelifikiria mwenyewe, bila kitabu.

Mlinzi ana baiskeli, na baiskeli ina pampu. Nimemwomba, nikamwambia ni ya mpira wa mwanangu. Akauliza mwanangu ana mpira gani unaojazwa maabara. Nikamwambia haraka ndiyo inayonileta.

Bi Nukta alikwenda kuchota sampuli. Mkuu alikuwa kwenye simu. Nikafunga sindano kwenye mdomo wa pampu, nikachoma kizibo, nikaanza. Lo! Kila nikisukuma, maji ya kostiki yanashuka kwenye silinda kwa utii kabisa. Hamsini. Mia. Mia mbili. N ya Bi Nukta ilikuwa imefika mia tatu kumi na nane. Nikafika mia tatu arobaini, nikaongeza kumi za heshima. Mia tatu hamsini!

Mkuu alipopita akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akasema jana ilikuwa nne. Nikamwambia vijidudu wangu ni wazito kuamka, ila wakiamka wameamka. Akasema, "Haya." Basi. Neno moja. Lakini nilimwona usoni, mtu amevutiwa.

Bi Nukta naye alitazama silinda, halafu akatazama kizibo changu chenye matundu, halafu akanitazama mimi. Macho ya mtu aliyeshindwa. Nimejikaza nisimtazame kwa kiburi, sijui kama nilifaulu.

Nimemwambia mke wangu anipigie pasi shati jeupe. Akauliza kama kweli. Nikamwambia mama aje bila wasiwasi.

Jumamosi, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama mkwe alifika saa tatu kamili na mashahidi wake, wote vitambaa vya sare vya kikundi. Mkuu alikuwa hajaingia. Nikawaingiza ofisini, nikamkalisha mama mkwe kwenye kiti chenyewe, aonje. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Akacheka! Miaka kumi na mbili sijawahi kumwona mama yule akicheka mbele yangu. Akasema, "Mwanangu, umetuheshimisha." Nilitaka kulia.

Ndipo Mkuu akaingia. Mama mkwe, akidhani ni mtu wa chini yangu, akamwambia asante baba, hebu tuletee maji ya kunywa, glasi tatu. Na Mkuu akaenda kuleta! Akaleta kwenye sinia! Mimi nikamshikia mlango.

Akawagawia maji. Kisha akasema kwa utulivu kwamba kwa kuwa wageni wako hapa, wakaribie waone kazi yenyewe. Tukatoka wote mpaka kwenye beseni. Bi Nukta alikuwa ameshafika, koti jeupe, daftari kifuani.

Mkuu akasema namba kila mtu anaweza kuwa nazo. Methani haina namba, ina moto. Akatoa kiberiti.

Akaanza na S. Akafungua mpira, akasogeza njiti. Mwali wa buluu, mdogo, umetulia. Kina mama wakasema aaa.

Akaenda N. Mwali wa buluu mrefu kama kidole! Wakapiga makofi. Shahidi mmoja akapiga na vigelegele.

Akaja T2. Yangu. Akasogeza njiti. "Pfuu!" Njiti ikazimika. Akawasha ya pili. "Pfuu!" Ya tatu akaishika mbali kidogo, ikazimika vilevile, na harufu ya pampu ya baiskeli ikajaa chumbani. Mama mkwe akauliza hiyo ndiyo chupa ya mkuu?



Bi Nukta akafungua daftari. Akasoma kwa sauti ndogo, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Uzito wa kila chupa Jumatatu. Uzito Jumatano. Chupa iliyoandikwa T2 ina uzito wa N, mpaka tarakimu ya tatu nyuma ya nukta. Iliyoandikwa N ina uzito wa T2. Alisema alishtuka Jumatano alipoona N inatoa gesi, maana N haiwezi kutoa gesi ya kutosha hata kujaza kijiko. N haijapewa chakula. Ni ile ya kulinganisha: unalinyima tope chakula uone linatoa kiasi gani lenyewe, halafu unatoa kiasi hicho kwenye hesabu ya lile lililokula. N ni Njaa. S ni Shibe.

Njaa! Katika chupa zote mbili alizonazo mwanamke huyu, mimi nimeiba njaa!

Alimweleza Mkuu siku ileile ya Jumatano, na Mkuu akasema iachwe, wataona mwisho wake. Wameuona.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Hapana. Bi Nukta akafungua ukurasa mwingine. Akasema haki lazima isemwe. Chupa iliyotoa ule mwali mrefu, iliyofika karibu mia nne, iliyoiacha Shibe yake mbali sana, ni ile niliyoijaza mimi Jumatatu. Tope la tangi la pili. Haijachezewa na mtu tangu Jumanne.

 

Mkuu akaniambia, "Ungekaa tu, bwana. Ungekaa tu."

Niliumia. Naandika ukweli kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu: niliumia kifuani kama nimepigwa. Chupa yangu mwenyewe. Vijidudu wangu. Walikuwa wananifanyia kazi usiku na mchana, na mimi niko kwenye stuli nasukuma pampu.

Mama mkwe alimwomba Mkuu radhi kwa ajili ya yale maji. Akampa Bi Nukta mikono yote miwili. Mimi akanipita. Mlangoni akageuka, akanitazama mikono, akaondoka.

Jumapili, 16 Juni

Mke wangu amefua nguo mpaka saa sita. Kisha akauliza swali moja. Baba Watoto, kama Jumanne ungeumwa tumbo ukalala nyumbani, ingekuwaje?

Nikamwambia ni suala la kitaalamu, halielezeki kwa namna hiyo.

Nimelichambua siku nzima. Kosa si langu. Kosa ni la kuandika herufi moja. Mtu mwenye nia njema anaandika neno zima! Na kosa la pili ni mizani. Bila mizani ile, leo ningekuwa nazunguka.

Kikundi cha kina mama kimenipa jina. Mke wangu amelikuta kwenye simu ya mama yake. Naitwa Mkuu wa Njaa. Jirani amenisalimia nalo kabla ya jua kuchwa, kwa heshima zote.

Jumatatu, 17 Juni

Kamati imekaa. Bi Nukta ndiye Mkuu wa Maabara kuanzia mwezi ujao. Wamempigia makofi. Nami nikapiga, mara mbili.

Kisha wakaja kwangu. Mwenyekiti wa kamati akasoma uamuzi: nihamishiwe kikosi cha kuzibua mifereji. Buti za kufika kiunoni, fimbo ya chuma ya mita sita, na kichwa ndani ya shimo. Nimewahi kuwaona watu wa kikosi hicho wakila chakula cha mchana. Wanakaa peke yao, na si kwa kupenda.



Hapo Bi Nukta akanyoosha mkono. Akasema tope la tangi la pili linaonekana ndilo bora, lakini chupa zimehamishwa, matokeo si safi, na hawezi kujaza tangi zima kwa matokeo machafu. Lazima kipimo kirudiwe. Akaomba nirudie mimi. Mwenyekiti akamuuliza kama anajua anachokisema. Akajibu kwamba aliikagua ile chupa ya Jumatatu, kizibo, kipimo cha chakula, hewa ilivyofukuzwa, na ilijazwa vizuri kuliko chupa yake. Alisema mtu yule akifanya kazi anaijua. Tatizo linakuja baadaye.

Nilitazama sakafu. Macho yalikuwa na kitu, vumbi labda.

Uamuzi mpya: tope lilelile, siku tano. Gesi ikitoka kama ile ya kwanza, nabaki maabara. Vijidudu wakifa, nakwenda kwenye mifereji. Sharti moja tu. Nikishaziba, sigusi chupa. Bi Nukta alilisema mara mbili, akaliandika, nikatia sahihi. Ile ya zamani, isiyo na mkia.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kila kitu kama kilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Alishangaa mpaka akakaa. Akaniambia niape. Nikaapa, mkono kifuani, kwamba siigusi. Akanimiminia chai bila mimi kuomba. Mama mkwe akasema kwenye simu kwamba atatuombea, hasa mikono.

Jumatano, 19 Juni

Jana nimejaza. Chupa mbili safari hii, Njaa na Shibe, na nimeziandika neno zima, kwa herufi kubwa, kusudi mtu fulani ajifunze. Naitrojeni dakika tano kamili, hewa yote, sumu yao, nje. Kizibo kimekaa kama kimezaliwa pale.

Leo sijagusa. Asubuhi sijagusa. Mchana sijagusa. Nimekalia mikono mpaka ikafa ganzi. Hakuna anayejua kazi hii ilivyo ngumu! Watu wanadhani kutofanya kitu ni rahisi.

Bi Nukta alipita jioni, akatazama, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nilijisikia mtu.

Alhamisi, 20 Juni

Kipimo cha kwanza: mililita mia moja na kumi na moja. Wiki iliyopita saa kama hii ilikuwa mia moja na kumi na mbili. Bi Nukta akasema ni sawa kabisa, ni vizuri sana, niendelee hivihivi, zimebaki siku tatu tu. Akaniita "ndugu yangu". Mke wangu nimempigia simu, akacheka kwa furaha, nikamsikia akimwita mama yake.

Lakini nimekuwa nikiwaza. Mia moja na kumi na moja. Ile moja iliyopungua imekwenda wapi?

Na kuna jambo jingine. Tangu saa nne kasoro dakika kumi sijaona kiputo hata kimoja. Nimehesabu kwa saa ya ukutani, dakika saba nzima bila kiputo! Huenda kuna anayeumwa mle ndani. Bi Nukta yuko kwenye kikao na Mkuu yuko kwenye simu, kwa hiyo mwenye dhamana ni mimi. Mtu mwenye dhamana hamwachi mgonjwa.

Niliweka sikio kwenye glasi. Sikusikia kitu. Glasi ni nene, haisaidii.

Nimesoma tena lile sharti nililotia sahihi. Nimelisoma kwa makini, neno kwa neno. Linasema nisiguse chupa. Kizibo si chupa. Kizibo ni mpira, chupa ni glasi, mtu yeyote mwenye macho analiona hilo, na kama Bi Nukta alitaka kusema kizibo, angeandika kizibo.

Nimekilegeza kidogo tu, kiasi cha sikio. Kikafanya "fsss", taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo mzito. Nadhani walikuwa wanabanwa, masikini, siku mbili mle ndani, giza, joto, hakuna hata dirisha. Nimekiacha wazi mpaka nirudi kutoka kula, nao wapumue.